Mfangano: Kisiwa Ambako Habari za Mgonjwa Huvuka Maji

Ikiwa hujawahi kufika Mfangano, njia mojawapo ya kutoka Kisumu ni kuelekea Luanda K'Otieno, uvuke kwa feri hadi Mbita, kisha uteremke ufuoni kuulizia mashua za kisiwani. Wasiopenda maji hupitia nchi kavu, Homa Bay hadi Mbita kwa barabara ya lami, lakini mwisho wa yote ni ule ule: ziwa lazima ulivuke. Mashua ya mbao yenye injini huchukua saa moja au zaidi, kutegemea upepo, uzito wa mizigo na idadi ya fuo ambazo nahodha ameahidi kupitia. Utaiacha nyuma Rusinga, kisiwa alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969, utaipita Takawiri yenye mchanga mweupe, kisha mlima wa Mfangano utakua mbele yako hadi ufunike nusu ya anga.

Kabla ya kupanda, simama kidogo utazame jinsi mizigo inavyokabidhiwa. Mama anayetuma kifurushi kisiwani hamwachii kijana wa mashua hivi hivi. Humwambia ni cha nani, kishushwe ufuo gani, apewe nani ikiwa mwenyewe hayupo, na kwamba ndani mna kitu kisichotakiwa kulowa. Kisha humwuliza, "Haya, nimesema nini?" Kijana hurudia. Akikosea hurekebishwa, arudie tena. Hapo ndipo mama anapogeuka na kwenda zake.

Hakuna aliyemfundisha mama huyo darasani. Lakini jambo hilo dogo la kumtaka mpokeaji arudie alichoambiwa ndilo ambalo hospitali kubwa za dunia zimekuwa zikihangaika kuwafundisha wauguzi na madaktari wake kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Maana mgonjwa naye hubadilishwa mikono: zamu ya mchana humkabidhi kwa zamu ya usiku, zahanati humkabidhi kwa hospitali, wodi moja humkabidhi kwa nyingine. Na kila mkono unapobadilika, kuna neno linaloweza kuanguka majini.

Mfangano ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa sababu hapa maji yenyewe yapo.

Kisiwa kina ukubwa wa takriban kilomita 65 za mraba. Katikati umesimama mlima Kwitutu, wenye urefu wa mita 1,694 kutoka usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 500 juu ya ziwa lenyewe. Watu wengi wanaishi kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, na barabara ya udongo imekizunguka kisiwa kizima ikiunganisha fuo zao. Sena ndiyo makao ya utawala. Ukitaka kwenda upande wa pili wa kisiwa utachagua moja kati ya mambo matatu: pikipiki kwenye barabara hiyo, mashua, au miguu yako mwenyewe kupita mlimani. Mvua ikinyesha, chaguo la kwanza huwa gumu. Upepo ukivuma, la pili nalo ni vivyo hivyo.

Wenyeji ni Abasuba, ambao masimulizi yao husema wazee wao walifika kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga, yapata karne ya 18. Walikuwa na Kisuba chao, lugha ya Kibantu, lakini kwa kuoana na kufanya biashara na Wajaluo wengi wao leo huzungumza Kijaluo tangu utotoni, na Kisuba kimehesabiwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Kituo cha Ekialo Kiona kilichoko ufuo wa Kitawi kina redio inayotangaza kwa Kisuba, na jina lake lenyewe ni la Kisuba, maana yake dunia nzima.

Panda pia uone michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga: miviringo ndani ya miviringo, nyekundu na nyeupe, ambayo wataalamu huwahusisha nayo wawindaji wa kale wa jamii ya Batwa waliokuwa hapa kabla ya Abasuba. Abasuba waliikuta, wakaiheshimu, wakaihusisha na kuomba mvua. Lakini waliochora waliiweka kwa maana gani hasa? Waliondoka bila kumwachia mtu maelezo. Mchoro umebaki, ila maana yake haikukabidhiwa.

Sasa tuteremke tena ufuoni, twende kwenye zahanati.

Usitarajie kuona kengele ya kubadilisha zamu kama ile ya hospitali za mjini. Katika zahanati ndogo ya kisiwani au ya kijiji chochote cha Nyanza, wauguzi huwa wachache, pengine wawili, pengine mmoja tu siku hiyo. Huyo huyo ndiye mkunga, mtoa chanjo, mtoa dawa na mwandishi wa rejista. Wagonjwa humwita sista, na wengine daktari. Makabidhiano yake ni ya namna mbili. Kwanza ni yale ya kumwachia mwenzake anapokwenda likizo au anapovuka kufuata dawa na chanjo. Pili, na hili ndilo zito, ni pale anapompeleka mgonjwa ng'ambo ya maji kwa watu ambao huenda hajawahi kuwaona uso kwa uso.

Nipe ruhusa nikuchoree mfano. Ni mfano tu, si habari ya mtu fulani, lakini kila kilichomo ni cha kawaida katika kazi ya ukunga.

Tuseme ni usiku. Msichana wa miaka 22, mimba ya kwanza, wiki 37, ameletwa zahanati akiwa analalamika kichwa na macho kuona kiwi. Presha ni 170 kwa 115. Mkojo una protini. Saa nne na dakika kumi usiku anapatwa na degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba, mmoja wa wauaji wakubwa wa akina mama wajawazito duniani. Dawa yake inajulikana na si ghali: sindano ya magnesiamu salfeti. Kwa utaratibu mmoja unaotumika sana, dozi ya mwanzo ni gramu 14: gramu 4 polepole kwenye mshipa, kisha gramu 5 katika kila tako. Halafu gramu 5 kila baada ya saa nne, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege ya mwisho, lolote litakalochelewa zaidi.

Sista amefanya yote hayo vizuri. Dozi ya mwanzo imekwisha saa nne na dakika ishirini. Sasa anapiga simu, anatafuta mashua, anatafuta nahodha wa kukubali kuvuka usiku. Mama mkwe wa mgonjwa yuko hapo na kikapu cha nguo za mtoto. Je, sista amsindikize mgonjwa? Angependa. Lakini chumba cha pili kuna mwingine ambaye uchungu umemwanza, na akiondoka zahanati itabaki tupu. Basi mgonjwa anaondoka na mama mkwe na mhudumu wa afya wa jamii, mmoja wa wale ambao tangu 2023 tumezoea kuwaita wahamasishaji wa afya, wakati Serikali ilipowagawia mikoba ya kazi zaidi ya 100,000 nchini kote.

Hesabu nami mikono, msomaji. Sista anamkabidhi mhudumu. Mhudumu anamkabidhi muuguzi wa hospitali ya Mbita, tuseme saa sita na nusu usiku. Ikiwa Mbita wataona hali inahitaji zaidi, wanampakia gari la wagonjwa kwenda Homa Bay, kilomita 40 na ushei. Muuguzi wa gari anamkabidhi mkunga wa zamu ya usiku wa Homa Bay. Naye kutakapopambazuka atamkabidhi kwa zamu ya asubuhi. Ni makabidhiano manne au matano kabla ya jua kuwaka vizuri.

Na dozi ya pili ya magnesiamu ilitakiwa lini? Saa nane na dakika ishirini usiku. Saa hiyo huenda mgonjwa yuko garini, kati ya Mbita na Homa Bay, mahali ambapo si zamu ya mtu yeyote.

Dozi hiyo ikisahauliwa, degedege inaweza kurudi. Lakini hatari iko upande wa pili pia. Mkunga wa Homa Bay asiyejua kwamba dozi ya mwanzo ilishatolewa kisiwani anaweza kuanza upya na gramu 14 nyingine. Magnesiamu ikizidi mwilini, kwanza goti hukataa kuruka linapogongwa, kisha pumzi hupungua, mwisho husimama. Ndiyo maana kabla ya kila dozi muuguzi hugonga goti, huhesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, na hupima mkojo. Dawa inayookoa na dawa inayoua ni chupa ile ile; tofauti yake ni mstari mmoja wa maandishi.

Sasa tazama barua mbili za rufaa. Ya kwanza inasema: mgonjwa ana presha, amepewa dawa, tafadhali mshughulikieni, asante. Ni barua ya heshima, ina mhuri na sahihi. Haina faida hata kidogo. Ya pili haina adabu nyingi. Inasema: mama wa miaka 22, mimba ya kwanza, wiki 37, alipata degedege mara moja 22:10. Hana historia ya kifafa, alihudhuria kliniki mara tatu, presha ya mwezi uliopita ilikuwa ya kawaida. Naona ni kifafa cha mimba. Presha 170 kwa 115, moyo wa mtoto unasikika. Amepewa magnesiamu gramu 14, imekwisha 22:20. Inayofuata ni 02:20. Naomba azalishwe upesi. Andaeni chumba cha upasuaji.

Barua hiyo ya pili ina sehemu nne: hali ilivyo sasa, historia iliyotangulia, tathmini ya anayeandika, na pendekezo lake. Wauguzi waliosoma karibuni wataitambua. Huitwa SBAR, kwa herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yenye maana hizo. Chimbuko lake si hospitali. Mtindo huo unasemekana kutoka kwa wanamaji wa Marekani wanaoendesha manowari za nyuklia, na ulihamishiwa kwenye tiba mwanzoni mwa miaka ya 2000 na shirika la Kaiser Permanente huko Colorado. Ukifikiri vizuri si ajabu. Watu wanaokaa chini ya bahari ndani ya chuma pamoja na mtambo wa nyuklia hawana nafasi ya kusema "nilidhani unajua".

Utaona nimeandika saa kwa namna mbili, na si kwa bahati mbaya. Hapa pana mtego ambao vitabu vya Marekani haviwezi kukuonya. Mama mkwe akiulizwa Mbita sindano ilichomwa lini atajibu "saa nne", kwa hesabu yetu ya Kiswahili, ambayo watu wa ziwani nao huitumia. Muuguzi aliyechoka, anayeandika kwa Kiingereza, anaweza kuandika nne kama nne, na hapo saa nne ya usiku ikageuka saa kumi ya jioni au ya alfajiri. Zimepotea saa sita kwa neno moja ambalo kila mmoja alilisema kwa usahihi! Kwa sababu hiyo, saa za karatasi ya hospitali ziandikwe kwa tarakimu za saa 24. Na ongeza kwamba habari yenyewe ilianza kwa Kijaluo au Kisuba kinywani mwa mgonjwa, ikaandikwa Kiingereza na sista, ikaelezwa Kiswahili kwa simu, ikarudi Kiingereza kwenye faili. Imevuka maji mara nyingi kuliko mashua.

Afrika nayo haikukaa ikisubiri manowari. Mwaka 1972 watafiti wawili, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika jiji ambalo leo ni Harare, walichapisha karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi, ambayo wakunga wetu wote wanaijua kwa jina la patografu. Kwenye karatasi hiyo mkunga huweka alama ya jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka, sentimita kwa upande mmoja na saa kwa upande wa pili. Mistari miwili imechorwa mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari, wa pili ni wa kuchukua hatua, na kati yao kuna saa nne. Saa nne hizo hazikuokotwa hewani. Ziliwekwa kwa sababu wakunga wa zahanati za mbali walihitaji muda wa kumfikisha mama hospitali kuu. Alama zikivuka mstari wa kwanza, anza safari. Ukingoja wa pili umechelewa. Hakuna kifaa cha tiba ambacho ningesema kilibuniwa kwa ajili ya Mfangano kuliko hicho, ingawa waliokibuni hawakuwa wakifikiria kisiwa.

Shirika la Afya Duniani lilikijaribu kwa wanawake zaidi ya 35,000 kusini-mashariki mwa Asia na kutoa matokeo yake mwaka 1994, likaagiza kitumike kila mahali. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba si kila mwanamke hufunguka sentimita moja kwa saa na bado akajifungua salama, hivyo mwaka 2018 shirika hilo lilibadilisha maagizo yake na mwaka 2020 likatoa karatasi mpya. Lakini uzuri wa aina zote mbili ni ule ule: mkunga anayeingia zamu hahitaji kuuliza mwenzake "anaendeleaje?" na kujibiwa "vizuri tu". Anatazama karatasi na kuona alama zimepanda au zimelala.

Hilo neno "vizuri tu" linastahili kulaaniwa. Katika hospitali nyingi za Kenya muuguzi anayetoka huandika ripoti kwenye karatasi iitwayo kadeksi, kisha huitoa kwa mdomo kwa anayeingia. Nia ni njema. Ila fikiria wodi yenye wagonjwa wengi kuliko vitanda, muuguzi amesimama usiku kucha, gari la mwisho la kwenda kwao li karibu kuondoka. Ripoti hugeuka kuwa wimbo: kitanda cha kwanza yuko sawa, cha pili yuko sawa, cha tatu anaendelea na dripu. Aliye sawa na anayeanza kuzama huimbwa kwa sauti moja.

Florence Nightingale aliliona hilo tangu kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859. Alisisitiza kwamba kazi ya muuguzi si kufanya jambo akiwapo tu, bali kupanga lifanyike wakati yeye hayupo. Imepita miaka zaidi ya 160. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliweka mawasiliano wakati wa kumkabidhi mgonjwa miongoni mwa mambo tisa ya kwanza ya kulinda usalama wa wagonjwa. Mwaka huo huo madaktari wa Great Ormond Street, hospitali ya watoto ya London, walichapisha jinsi walivyokwenda kujifunza kwa timu ya magari ya mashindano ya Ferrari namna ya kumpokea mtoto aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa moyo: nani anaongoza, nani anashika nini, nani anazungumza na wakati gani wengine wote hunyamaza.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka mwaka 2014, katika hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada. Madaktari wanaojifunza walifundishwa utaratibu uitwao I-PASS: useme kwanza ugonjwa ni mzito kiasi gani, utoe muhtasari, utaje kazi zilizobaki, uonye nini kinaweza kutokea usiku, na mwisho mpokeaji arudie alichosikia. Katika wagonjwa zaidi ya 10,000 waliofuatiliwa, makosa ya tiba yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Muda wa kuzungumza juu ya kila mgonjwa haukuongezeka kwa maana yoyote. Ulibaki takriban dakika mbili na nusu. Wanaosema hawana muda wa utaratibu huo watafute sababu nyingine.

Hata hivyo, sipendi kukudanganya kwamba karatasi yenye visanduku vinne itatosha. Bango la ukutani haliokoi mtu. Fomu inayojazwa mwisho wa zamu ili mkubwa asifoke ni mbaya kuliko kukosa fomu, kwa sababu inaonekana kama ukweli. Na kati ya sehemu nne zile, ya mwisho ndiyo ngumu kwetu. Hali tunaweza kueleza, historia tunaipenda, tathmini tunajaribu. Lakini pendekezo! Muuguzi wa mwaka wake wa kwanza ampigie daktari saa tisa za usiku amwambie "naomba uje sasa hivi"? Tumelelewa kwamba mdogo hamwagizi mkubwa. Atazunguka: daktari, samahani kukuamsha, yule mama bado hajatulia sana. Daktari atasema "endelea kumwangalia," na kila mmoja atadhani mwenzake ameelewa. Utaratibu wa sehemu nne una faida hii hasa, kwamba pendekezo linakuwa sehemu ya fomu. Si ujeuri wa kijana. Ni kisanduku kinachotakiwa kujazwa, na mkubwa anakingoja.

Kuna wasafiri wengine wa ziwa hili ambao makabidhiano yao ni ya polepole zaidi. Wavuvi wa omena hufuata samaki: mwezi huu wako Mfangano, mwezi ujao wako Remba au Ringiti, visiwa vidogo vilivyojaa watu na mabati. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya ukimwi nchini, na ni hapo hapo Homa Bay ambapo mwaka 2001 shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali katika hospitali ya umma. Dawa hizo hazitaki kukatizwa. Mvuvi anayehama bila kadi yake wala barua ya kuhamisha huduma hufika kliniki mpya kama mtu asiye na historia. Pengine huona haya kuieleza upya, asiende kabisa. Faili lake limelala Mfangano, yeye yuko Remba.

Nawe wa mjini, usidhani haya ni ya visiwani. Mzazi wako akilazwa, jaribu kuwapo zamu zinapobadilishana ikiwa wodi inaruhusu, na usione haya kuuliza kwa upole: sista, dawa ya mwisho amepewa saa ngapi, na inayofuata ni lini? Andika jibu. Mtoto aliyechomwa sindano ya artesuneti kwa malaria kali, kwa mfano, hutakiwa kurudiwa baada ya saa 12 na tena baada ya saa 24; akihamishwa katikati, wewe uliyeandika ndiye faili lake. Na mama mjamzito asisafiri kwenda popote bila kile kijitabu cha kliniki, hata kama anakwenda arusini.

Turudi kwa mgonjwa wetu wa mfano. Tumwandalie usiku mwema. Sista aliandika barua ya pili, akaitia kwenye mfuko wa plastiki ili wino usifutwe na maji ya mashua, kisha akapiga simu Mbita akasoma yale yale na kumwomba aliyepokea ayarudie. Mhudumu wa jamii naye alirudishiwa maneno matano tu ya kushika: sindano inayofuata mbili na ishirini. Mbita waliyaandika kwenye karatasi yao, wakamtia garini na dozi tayari, na ilipofika 02:20 gari lilisimama kando ya barabara, goti likagongwa, pumzi zikahesabiwa, sindano ikachomwa. Alijifungua Homa Bay kwa upasuaji. Mkunga wa usiku alimkabidhi kwa mwenzake wa asubuhi wakiwa wamesimama kando ya kitanda, mama mkwe akisikiliza.

Baada ya siku kadhaa anaruhusiwa kwenda nyumbani, na ndipo linapokuja karatasi ambayo husahaulika kuliko zote: barua ya kurudi, kutoka hospitali kwenda zahanati. Presha ya kifafa cha mimba haishi siku ya kujifungua. Inahitaji kupimwa kwa wiki kadhaa, na degedege inaweza kutokea hata mtoto akiwa ameshazaliwa. Sista wa kisiwani hakuwapo Homa Bay. Hajui presha ilishuka hadi wapi, wala ni vidonge gani alivyopewa, wala vitaisha lini. Mashua inapogusa ufuo na abiria wakianza kuruka majini na viatu mkononi, huteremka mama na mtoto aliyefunikwa kanga, na sista akija kumpokea atamwangalia mtoto kwanza, kama watu wote, halafu atanyosha mkono kuomba barua.